BJ40 ya zamani hapa Goma: anzia ekseli ya mbele, rangi ije mwisho

Mtu akivuta Land Cruiser iliyolala miaka nyuma ya nyumba kule Himbi au Katindo, siku ya pili tu tayari anauliza bei ya rangi. Asiulize bado. Gari hizi haziuawi na sura mbaya. Zinauawa na vumbi na maji yanayopita kwenye spi zilizochoka (mipira inayozuia oili isitoke), na mawe ya volkeno yanayopiga springi kutwa nzima. Rangi mpya juu ya ekseli iliyooza ndani ni pesa iliyomwagwa, kwa sababu bodi itabidi ishikwe tena, ipigwe tena na kukwaruzwa tena. Kwa hiyo fuata utaratibu huu: ekseli na usukani, breki, shasi na springi, injini, bodi, halafu rangi.

Ninazungumzia BJ40 na ndugu zake, BJ42 na zile ndefu, yaani gari za mazutu (dizeli) za familia ya 40. Familia hiyo ilitengenezwa kuanzia 1960 hadi 1984. Injini B ya silinda 4, sentimita za ujazo 2,977, iliingia mwaka 1974. Baadaye ikaja 3B ya 3,431. Zinafanana kwa nje na piyesi zao huchanganywa ovyo, kwa hiyo soma herufi zilizochongwa kwenye bloki kabla ya kununua hata gasketi moja. Namba ya shasi iko mbele, kwenye chuma cha upande wa kulia, karibu na kikalio cha springi. Isafishe kwa brashi ya waya ya mkono na mafuta ya taa. Usiiguse na grainda: ikifutika, karte roze yako (kadi ya gari) haina tena kitu cha kulinganishwa nacho.

Jambo moja la usalama kabla ya spana ya kwanza. Hapa kwetu mawe yako kila mahali, na mkono huenda wenyewe kuchukua jiwe la lava na kuliweka chini ya shasi. Jiwe hilo limejaa matundu ya hewa. Linabeba tani moja leo, kesho linapasuka bila kutoa sauti ya kuonya. Tumia stendi za chuma zilizochomelewa kwa mabomba mazito, au magogo ya mbao ngumu yaliyopangwa kwa kupishana. Jeki inainua tu, haishikilii gari ambalo mtu yuko chini yake.

Ekseli ya mbele

Fungua kifuniko cha juu cha tufe la ekseli, ile bakuli kubwa ya chuma nyuma ya gurudumu, na uingize kidole. Ukikuta grisi nyeusi na nzito, una bahati. Ukikuta mchuzi wa kijivu unaotiririka, basi spi ya ndani imekufa: oili ya difu (gia za katikati ya ekseli) imevuka ikaingia kwenye grisi na kuiyeyusha, na sasa kichwa cha kardani, kile kiungo cha gololi kinachozungusha gurudumu hata likikata kona, kinazunguka kwenye supu. Mchuzi huo hutoka nyuma ya tufe, ukashika vumbi, ukaonekana kama tope jeusi kwenye tairi kwa ndani. Mara nyingi hata breki zinakuwa zimelowa.

Kazi ya upande mmoja inataka siku nzima ukiifanya kwa mara ya kwanza. Nunua seti kamili ya kila upande: spi ya ndani, spi ya habu (kitovu cha gurudumu), felti na mpira wa nyuma ya tufe, gasketi, na beringi 2 za kingipini (pini ambazo gurudumu hugeukia kulia na kushoto). Beringi za gurudumu, hizo rulema 2 za habu, zibadilishe kama zina alama za bluu au vishimo.

Toa gurudumu. Kama una disk, fungua kalipa na uitundike kwa waya. Usiiache ining'inie kwenye mpira wake. Kisha toa nati 6 za flanji ya habu. Chini ya kila nati kuna washa yenye umbo la koni iliyobana kabisa, na hapa ndipo wengi huanza kuharibu. Usiingize bisibisi kupanua. Rudisha nati hadi ilingane na ncha ya studi, kisha piga flanji pembeni kwa kipande cha shaba na nyundo ya kilo moja. Koni zitaruka zenyewe. Toa klipu kwenye ncha ya ekseli.

Ndani kuna nati mbili za habu zenye washa ya kukunja katikati. Soketi yake ni milimita 54. Ninajua kwamba fundi atakuambia patasi inatosha. Patasi inakula kona za nati, na vipande vya chuma vinaanguka ndani ya beringi mpya uliyoinunua jana. Soketi hiyo tafuta kwa kuazima, au chomelea moja kutoka kwenye bomba nene, lakini patasi ikae kwenye sanduku.

Habu ikitoka, fungua spindo (bomba ambalo habu huzungukia) na uvute kichwa cha kardani pamoja na ekseli yake polepole, kwa mstari ulionyooka. Osha kila kitu kwa mafuta ya taa hadi chuma kionekane. Gololi ni 6. Tazama njia zinamopita: zikiwa na vishimo, au kombe likiwa na ufa mwembamba kwenye mdomo, hicho kichwa hakirudi. Ikiwa kuna mikwaruzo myepesi tu upande mmoja na unasikia tak-tak ukikata kona kwa 4x4, unaweza kubadilishana vichwa vya kulia na kushoto. Mzigo utahamia uso mwingine ambao haujachakaa. Hiyo ni nafuu ya muda, lakini ni nafuu ya kweli.

Sasa fungua kingipini. Kuna bati nyembamba za kupimia juu na chini. Za juu zibaki juu, za chini zibaki chini. Zifunge kwa waya na uandike, kwa sababu ndizo zinazoweka nakili (kipande kinachogeuka pamoja na gurudumu) katikati ya tufe. Uzichanganye, na ekseli itakaa pembeni ya spi yake na kuila ndani ya miezi michache, hata kama spi ni mpya na ya bei kubwa.

Spi ya ndani ndiyo roho ya kazi yote. Mdomo wake wenye springi unaelekea difu. Ipige ndani kwa kipande cha bomba kinacholingana na ukingo wake, kidogo kidogo kwa kuzunguka, isiingie kwa kulala. Pitisha ukucha kwenye ekseli mahali spi inapokalia: ukucha ukinasa kwenye mfereji, iache spi milimita 2 nje kidogo ili mdomo wake ukutane na chuma kisichochakaa. Na kabla ya kufunga, kagua kipumulio juu ya ekseli. Vumbi letu jeusi hukiziba. Difu ikipata moto, hewa ndani inatanuka, haipati pa kutokea, inasukuma oili kupitia spi. Watu wamebadilisha spi mara tatu bila kujua kwamba tatizo ni kitundu kidogo kama punje ya mtama. Kitoe, weka nipeli na mpira mrefu, upandishe hadi chini ya boneti. Fanya hivyo nyuma pia.

Ukirudisha kingipini, pima ubanaji kabla ya kuweka grisi, ekseli na felti. Mizani ya ndoano, kama ile ya wauza samaki, inatosha kabisa. Ifunge kwenye tundu la mkono wa usukani na uvute kwa pembe ya mraba: nakili ianze kugeuka kwenye karibu kilo 2. Ikigeuka kwa nguvu ndogo sana, punguza bati. Ikiwa ngumu, ongeza. Usukani unaotetemeka kama unakwenda kupasuka baada ya kupita shimo mara nyingi ni kingipini zilizolegea hapa, wala si matairi.

Uso wa tufe usugue kwa msasa namba 400 hadi uwe laini, la sivyo vishimo vya kutu vitachana felti. Kichwa cha kardani kipe grisi ya molibdeni, ile nyeusi, na ujaze tufe robo tatu. Usijaze lote, grisi inahitaji mahali pa kutanuka. Beringi za gurudumu zipewe grisi ya lithiamu ya kazi nzito. Usichanganye hizo mbili.

Nati ya ndani ya habu: kaza kwa karibu Nm 60 huku ukizungusha habu mbele na nyuma, legeza, kisha kaza tena kidogo tu hadi mchezo uishe. Funga mizani kwenye studi ya gurudumu: habu ianze kuzunguka kati ya kilo 3 na 5.5. Weka washa, kaza nati ya nje, pima tena kwa sababu nati ya nje hubana ya ndani, kisha kunja washa pande zote mbili. Nati za mkono wa usukani nazo zina koni. Zikaze kwa Nm 95 hivi. Kwa barabara zetu studi hizo zikilegea hukatika, na gari linakosa usukani upande mmoja. Sioni nati nyingine kwenye gari zima inayostahili uangalifu kuliko hizi.

Difu ijaze oili ya GL-5 namba 90 hadi iguse ukingo wa tundu la kujazia, karibu lita 2.5. Giaboksi ipewe GL-4, si GL-5. Ndani yake kuna pete za shaba, na dawa zilizomo kwenye GL-5 nyingi hula shaba.

Piyesi za upande wa pili

Piyesi nyingi zinazofika hapa zimepitia Kampala au Mombasa, na huko wanaendesha kushoto. Beringi, spi, springi, piyesi za injini: hakuna shida. Lakini mikono ya usukani, boksi ya usukani, fimbo ya kati na bomba la breki kutoka pedali ni vya gari la usukani wa kulia. Ukienda kutafuta, beba piyesi yako ya zamani mkononi.

Taa za mbele watu huzisahau. Ni za duara la inchi 7 na zinaingia bila kulalamika, lakini kioo cha gari la usukani wa kulia kinainua mwanga upande wa kushoto. Kwetu huo ndio upande wa anayekuja. Simamisha gari mita 5 kutoka ukutani usiku, washa taa fupi: mwanga lazima uinuke upande wa kulia. Ukiinuka kushoto, unawapofusha watu wa pikipiki na wasukuma chukudu, zile baiskeli za mbao za mizigo, barabarani.

Springi

Hapa kuna mazoea ninayoyapinga waziwazi: kuongeza majani ya springi za lori ili gari "lisilale". Kwenye lava, springi ngumu haipokei pigo. Pigo linakwenda kwenye shasi, na shasi inapasuka pale vikalio vya springi vilipochomelewa. Kagua sehemu hizo kwa brashi ya waya na tochi, hasa nyuma. Ufa mwembamba una mstari wa kutu ya rangi ya chungwa juu yake. Kabla ya kuuchomelea, toboa tundu la milimita 3 kwenye kila ncha ya ufa ili usiendelee kutembea, fungua mfereji kwa grainda, jaza, kisha weka bamba la milimita 4 lenye ncha za mshazari. Bamba lililokatwa wima linahamishia ufa pembeni yake tu.

Boliti za U ziwe mpya. Za zamani zimekwisha vutika. Busha za mpira zinatosha, ila pini zake zipakwe grisi isiyoharibu mpira.

Moshi mweusi na gavana ya ngozi

Injini B na 3B zina pampu ya mstari yenye gavana (kifaa kinachopima mazutu yanayoingia) inayofanya kazi kwa mvuto wa hewa. Hewa inayoingia injini hupita kwenye koo lenye kipepeo, mvuto wake unapelekwa kwa mirija hadi nyuma ya pampu, na huko kuna kiwambo cha ngozi. Mvuto ukivuta kiwambo, mazutu hupungua. Springi nyuma yake husukuma kuelekea mazutu mengi. Sasa fikiria ngozi iliyokauka miaka kumi, au mrija uliopasuka. Mvuto haufiki, springi inashinda, pampu inamimina. Gari linatoa moshi mweusi, sailensa inanguruma bila mpangilio, na siku mbaya injini inapanda mizunguko yenyewe bila kusikia mguu wako.

Fundi wengi hapo hukimbilia injekta. Jaribu gavana kwanza, ni dakika 5. Injini imezimwa. Chomoa mrija wa mvuto kwenye pampu. Sukuma lever ya pampu hadi mahali pa kuzima, ziba tundu la mrija kwa kidole, uachie lever. Ikibaki palepale au kurudi polepole sana, kiwambo ni kizima. Ikirudi mara moja, ngozi inavuja. Kiwambo kipya ni bei ndogo ukilinganisha na injini. Mirija yote miwili ibadilishwe wakati huohuo.

Unapowasha injini iliyolala muda mrefu kwa mara ya kwanza, mtu mmoja akae karibu na pampu akiwa ameshika lever ya kuzima, na awe na ubao bapa wa kuziba mdomo wa hewa. Asizibe kwa kiganja.

Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na hewa hapa ni nyembamba, karibu asilimia 85 ya ile ya pwani. Pampu iliyopimwa kwa hewa ya Mombasa itamimina mazutu mengi kuliko hewa ya Goma inavyoweza kuchoma. Moshi mwepesi ukipanda mlima ni kawaida. Moshi unaoficha gari la nyuma si kawaida. Anayepima pampu umwambie gari litaishi wapi. Injekta zifunguke kwenye bar 120 hivi. Vali, injini ikiwa moto: milimita 0.20 za kuingiza, 0.36 za kutoa. Ukipima mgandamizo, usishtuke namba ikiwa chini kidogo ya kitabu, kwa sababu ya hewa hiyohiyo. Tofauti kati ya silinda na silinda ndiyo inayosema ukweli.

Na mazutu yenyewe: ya dumu za barabarani huwa na maji. Yachuje kwa kitambaa kizito, yaache dumuni usiku mzima, na umwage sentimita mbili za chini.

Baadhi ya BJ ni za volti 24, na betri mbili za 12 zimeunganishwa mfululizo. Angalia kabla ya kununua stata au plagi za kupasha. Ukiona redio imefungwa kwenye betri moja tu, ing'oe: betri hiyo inapungua, nyingine inajazwa kupita kiasi, na zote mbili zinakufa.

Usijaze radiateri maji ya ziwa

Maji ya Kivu yana chumvi na madini mengi, yakiwemo ya magnesiamu. Kwenye sufuria unayaona yanavyoacha gamba jeupe. Gamba hilohilo linaota ndani ya radiateri na kuzunguka silinda, na injini inachemka ukiwa unapanda kuelekea Masisi huku radiateri inaonekana nzima. Maji ya mvua nayo si salama moja kwa moja: moshi wa volkeno ya Nyiragongo una gesi ya salfa, na mvua inayopita ndani yake inakuwa na asidi. Nunua maji ya betri, changanya nusu kwa nusu na dawa ya radiateri. Kama gamba limeshaota, toa radiateri, weka siki nyeupe usiku mzima, suuza kwa mpira kutoka chini kwenda juu hadi maji yatoke safi.

Bodi

Kutu huanzia mahali maji yanapokaa: mfereji wa paa, chini ya fremu ya kioo cha mbele, sakafu ya miguu, kona za nyuma juu ya magurudumu, na boriti ya nyuma. Piga kwa mpini wa bisibisi. Bati zima hulia, bati bovu hunyamaza. Kata hadi ufike kwenye chuma kinacholia.

Bati la kuziba si lazima litoke mbali. Pipa la lita 200 lina unene wa milimita 1 hadi 1.2, unaokaribiana na wa bodi. Chukua lililobeba oili. Lolote, liwe lilibeba oili, esansi (petroli) au mazutu, lijaze maji kwanza hadi juu, na ukate kwa patasi bila cheche. Mvuke uliobaki unalipuka hata kama pipa ni kavu miaka mingi. Sheria hiyohiyo kwa tanki la gari.

Toa waya za betri na alternata kabla ya kuchomelea. Fimbo ya 2.5 itatoboa bati hili. Tumia ya 1.6 au 2.0 kwa ampea 40 hadi 50. Weka nukta moja, ruka sentimita 4, weka nyingine, rudi katikati chuma kikipoa. Ukivuta mstari mmoja mrefu bati litajikunja na utatumia kilo za mastiki kuficha, na mastiki itadondoka safari ya kwanza ya Rutshuru.

Chuma kilichosuguliwa kipate praima ya zinki siku hiyohiyo. Kikilala wazi usiku mmoja wa unyevu, asubuhi kina kutu tena. Ndani ya shasi na milango usimwage oili chafu ya injini. Ina asidi, inavimbisha busha za mpira, na inashika vumbi. Pasha grisi na oili mpya nyepesi kwa vipimo sawa ndani ya chombo kilichokaa kwenye maji moto, na upulizie kupitia matundu ya shasi. Matundu ya kutolea maji yazibue kwanza.

Breki zifanye kabla ya bodi kurudi. Zenye ngoma pande zote zina silinda ndogo 2 kwa kila gurudumu, jumla 8. Ikivuja moja, badilisha zote za ekseli hiyo. Toa hewa ukianzia gurudumu lililo mbali zaidi na pedali.

Safari ya kwanza iwe hadi Sake na kurudi, chini ya kilomita 60, bila mzigo. Ukifika, gusa kila habu kwa mgongo wa mkono: zote ziwe na joto sawa. Moja ikiwa moto kuliko nyenzake, beringi imebanwa mno au breki haiachii. Baada ya kilomita 500 kaza tena boliti za U na nati za mkono wa usukani, fungua kifuniko cha tufe, ingiza kidole. Grisi ikiwa bado nyeusi na nzito, sasa nenda ukaulize bei ya rangi.